Laki Moja ya Kuelea Tu

Kila Jumapili, kabla sijawapigia simu ya video watu wa nyumbani Webuye, mimi hubandua ramani ukutani. Ni ramani ndefu ya kukunja, ya maji yote yaliyo kati ya mji wa Kingston na mji wa Ottawa, huku Ontario, Canada. Maziwa yamepakwa buluu, mifereji imechorwa kwa mstari mwembamba, na mahali penye kina kifupi pana vijinamba ambavyo vinaniumiza macho. Naikunja, naisukuma chini ya mto, halafu napiga simu. Mama anaona ukuta mweupe. Tukimaliza kuagana, naibandika tena.

Nimefanya hivyo tangu Novemba. Ilichukua muda mrefu mpaka nikajiuliza: kwani nimeiba nini?

Wacha nieleze mambo yalivyoanza. Mimi hufanya kazi ya kutunza wazee. Kulikuwa na mpishi kazini kwetu ambaye alistaafu akahamia Kingston na mkewe. Namwita Mzee. Si jina lake, lakini amelipenda tangu siku nilipomwambia kwamba kwetu hilo ni neno la heshima. Yeye na mkewe wana boti kuukuu ya injini, futi 26, yenye vitanda vinne ukihesabu na meza inayogeuzwa kitanda. Mwaka jana wakaniambia: majira ya kuchipua yakifika, mfereji ukifunguliwa, tunaenda Ottawa na kurudi. Siku 21. Njoo nasi, tugawane gharama. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Mimi, mtu ambaye hata hodi sipigi kabla sijafikiri.

Ukiwa na gari, Kingston hadi Ottawa ni saa mbili tu. Kwa maji ni kilomita 202, na tumepanga kuzimaliza kwa siku 10. Hiyo peke yake nilijua siwezi kumweleza mtu wa nyumbani. Huku sehemu nyingi za mfereji huruhusiwi kupita kilomita 10 kwa saa. Mtu mwenye baiskeli atakupita akipiga mluzi.

Mfereji wenyewe unaitwa Rideau. Kusema kweli si mfereji sana, kwa sababu katika hizo kilomita 202 ni kama 19 tu zilizochimbwa na watu. Zilizobaki ni mito na maziwa, moja baada ya jingine, ambayo yaliunganishwa na kuinuliwa kwa mabwawa. Kutoka Kingston unapanda takriban mita 50 hadi ziwa liitwalo Upper Rideau, ambalo ndilo la juu kabisa, kisha unateremka mita 83 hadi mto Ottawa. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilicheka. Boti inapandaje kilima? Kumbe inaingia katika chumba cha mawe kisicho na paa. Lango linafungwa nyuma yake, maji ya upande wa juu yanaachiliwa kidogo kidogo, na chumba kinapojaa boti nayo imeinuka. Lango la mbele linafunguliwa, unawapungia mkono wafanyakazi, unaenda zako. Kuna malango ya namna hiyo 45 katika njia kuu, na mengi bado yanafunguliwa kwa mikono, watu wakizungusha vyuma vilevile kwa mtindo wa miaka ya 1830. Kwenda na kurudi ni kupita mara 90. Tumeamua kuchepuka kidogo kwenda mji mdogo wa Perth, wenye malango yake mawili, kwa hiyo 94.

Nimejua hayo yote kwa sababu nimepanga. Sijawahi kupanga kitu maishani mwangu kama nilivyopanga hii safari. Nina daftari. Nimeandika mahali tutakapolala kila usiku, maana unaruhusiwa kulipia na kufunga boti pale penye malango. Ada ya kupita inahesabiwa kwa urefu wa boti, futi kwa futi, na hiyo nimeshaipiga hesabu. Nimeandika kamba ngapi, za urefu gani, nani atashika ya mbele. Nimeandika maharagwe, mchele, na unga wa ugali kilo nne, ambao mke wa Mzee ananiuliza kila wiki unapikwaje. Nimeandika usubi, kwa sababu Mei huku usubi wanakula mtu. Nimejiandikisha darasa la kuogelea, kwa kuwa maji ya Mei yametoka kuwa barafu juzi tu na baridi yake yaweza kukumaliza hata kama unajua kuogelea, sembuse mimi. Jumanne jioni niko upande wa kina kifupi nikishika ubao wa kuelea. Upande wa pili kuna watoto wa miaka sita wanaopiga mbizi na kunitazama kwa huruma.

Nikimaliza zamu ya usiku, nikiwa nimechoka mpaka mifupa, nalifungua daftari na kusoma ukurasa mmoja tu. Siku ya sita: Ziwa Big Rideau, kama hakuna upepo. Nalala vizuri.

Sehemu yangu ya gharama, pamoja na mshahara wa wiki moja ambayo sitalipwa, inakaribia dola 1,100 za Canada. Kwa pesa za nyumbani hiyo ni kama laki moja.

Hapo sasa ndipo ramani inapobanduliwa.

Msomaji aliye na ndugu nje, au aliye nje mwenyewe, haniulizi kwa nini. Nimekuwa huku miaka tisa. Katika miaka hiyo nimelipa karo, nimelipa hospitali, nimezika baba na baba wadogo wawili, nimeezeka jiko la mama, nimechanga harambee za watu ambao sura zao sizikumbuki. Sijutii. Kutoa ni moyo, na mimi pia nilisomeshwa kwa michango ya watu ambao walikula sukuma wiki ili nivae sare. Lakini nimegundua kitu kimoja kuhusu pesa na muda. Shida ina tarehe. Karo ina tarehe, mazishi yana tarehe, dawa ina tarehe, mwenye nyumba ana tarehe na sauti kubwa. Raha haina. Raha husema nitakuja siku moja, mambo yakitulia. Basi kila mwezi shida inakuja na barua yake mkononi, na raha inaambiwa kaa hapo kando kidogo, na miaka tisa inapita ikikaa hapo kando.

Mfereji wa Rideau una tarehe. Hufunguliwa Ijumaa ile inayotangulia sikukuu ya Malkia Victoria, katikati ya Mei, na hufungwa Oktoba. Haunisubiri. Nadhani hicho ndicho kilichonifanya niseme ndiyo haraka vile. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jambo la furaha lililoweza kusimama foleni moja na karo likasema, samahani, mimi pia niko hapa.

Lakini je, lina haki ya kusimama hapo?

Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia aitwaye Peter Singer alichapisha makala ambayo tangu hapo wanafunzi wa maadili hawajapumzika. Alikuwa akiwaza juu ya wakimbizi wa Bengal Mashariki, nchi ambayo leo ni Bangladesh. Mfano wake ni mwepesi. Unapita kando ya kidimbwi, unamwona mtoto anazama. Ukiingia kumtoa, nguo zako zitachafuka. Nani atasema nguo ni bora kuliko mtoto? Hakuna. Basi, anasema Singer, umbali haubadilishi kitu. Kama mtoto yuko mbali nawe na pesa ya nguo zako ingemwokoa, wajibu ni uleule.

Niliisoma makala hiyo nikiwa chuo na nikaona mwandishi amesema ukweli. Nimeirudia mwaka huu, ramani ikiwa chini ya mto, na bado naona amesema ukweli, ila kuna mahali ambapo sisi hatumo. Wasomaji aliowalenga walipaswa kubembelezwa wakubali kwamba mtoto wa mbali ni wao. Mimi sihitaji kubembelezwa. Mtoto wa mbali ana namba yangu ya simu. Ananipigia saa tisa za usiku kwa kuwa kwao kumeshakucha. Ananiita Shangazi. Na hazami mara moja akaokolewa tukaenda nyumbani. Mwezi ujao yuko majini tena, na mwezi unaofuata ni binamu yake, halafu ni mimi nasimama ukingoni na nguo ambazo hazijakauka tangu mwaka wa kwanza. Swali langu si kama niingie majini. Niko majini miaka tisa. Swali ni kama naweza kutoka hata siku 21, nikakaa juu ya maji badala ya ndani yake, na bado nikajiita mtu mwema.

Kuna wanaojibu haraka: jitunze kwanza, huwezi kumimina kutoka kikombe kitupu. Hayo maneno huku yamebandikwa hadi kwenye vikombe vyenyewe. Siyapendi. Yanafanya raha iwe dawa, kwamba napumzika ili nikirudi nitume vizuri zaidi, kama punda anayelishwa kwa sababu kesho kuna mzigo. Sitaki kupita Ziwa Big Rideau kama punda. Ninataka kulipita kwa sababu ni zuri na sijaliona. Kama hiyo haitoshi kuwa sababu, basi hakuna sababu nyingine itakayotosha, na nisijidanganye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sina utetezi wake mzuri.

Januari, mtoto wa ndugu yangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Shilingi 18,000 zilizobaki. Ndugu yangu akanipigia. Nikamwambia mwezi huu ni mgumu. Kweli ulikuwa mgumu, nilikuwa nimeshatuma za dawa za mama na za mbolea. Lakini kwenye droo yangu kulikuwa na bahasha iliyoandikwa BOTI, na ndani yake dola 600. Kijana alikaa nyumbani siku nane. Mwishowe baba yake akakopa kwenye chama kwa riba, akampeleka.

Siku nane. Nimezigeuza kila upande. Najiambia hakufa mtu. Najiambia ndugu yangu ni mtu mzima mwenye mikono, na angepanga mapema asingekimbilia dakika ya mwisho. Hayo yote ni kweli na hayanisaidii. Kijana alikosa masomo ili bahasha ibaki imenona. Sijui kuandika sentensi hiyo kwa namna itakayonipendeza.

Katika kupanga, nilisoma pia historia ya mfereji, nikitafuta kitu cha kusimulia jioni tukiwa tumefunga boti. Nikapata kingine. Ulijengwa kati ya 1826 na 1832 na jeshi la Uingereza, chini ya Luteni Kanali John By. Walikuwa wamepigana na Wamarekani katika vita vya 1812, wakaogopa kwamba vita vikirudi adui ataziba mto St. Lawrence, hivyo wakataka njia ya nyuma. Vita havikurudi. Mfereji haukutumika hata siku moja kwa kazi ya vita uliyojengewa. John By aliitwa London kujibu kwa nini gharama zimepanda vile, akafa 1836 bila kupewa heshima yoyote kwa kazi hiyo. Kwa muda ulipitisha mizigo na wahamiaji, kisha njia nyingine zikawa bora, na leo karibu kila anayepita anapita kwa starehe. Tangu 2007 uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kitu kizima kilichopangwa kwa hofu kimeishia kuwa mahali pa watu kunywa chai juu ya maji.

Wachimbaji wengi walikuwa Waayalandi na Wakanada wa Kifaransa. Inakadiriwa watu 1,000 walikufa. Wengine kwa baruti na mawe, lakini wengi zaidi kwa magonjwa, na la kwanza kabisa lilikuwa malaria.

Nilisoma neno hilo mara mbili. Malaria, Canada! Nilikuwa nimeamini malaria ni yetu, kama vile matope ya Webuye ni yetu. Nimelala chini ya neti utoto wangu wote. Dada yangu mdogo nusura aondoke na ugonjwa huo akiwa na miaka mitatu. Kumbe hapa, kila kiangazi, kambi za wachimbaji zilikuwa zinatetemeka kwa homa ileile, na hakuna aliyejua ni mbu. Walilaumu hewa mbaya ya vinamasi. Ronald Ross hakuwa amezaliwa bado. Ugunduzi wake kuhusu mbu ulikuja 1897. Mahali pabaya kuliko pote palikuwa karibu na Newboro, ambapo walikuwa wanakata mwamba kuunganisha maziwa mawili. Homa ilipozidi, mkandarasi aliachia kazi na ikabidi wanajeshi waletwe kumalizia. Leo ni mwendo mfupi tu wenye miti pande zote. Katika daftari langu ni siku ya tano, mchana, na nilikuwa nimeandika: pazuri kwa picha.

Sikujua nifanye nini na habari hiyo. Mke wa Mzee aliniambia kuna misalaba ya ukumbusho Kingston na Ottawa, na kwamba ukifikiri hivyo hutapita barabara yoyote duniani, kwa sababu kila barabara ina mtu chini yake. Ana haki. Reli ya kwetu je? Lakini hao wa Rideau walinikaa kichwani kwa sababu nyingine. Nadhani wengi wao walivuka bahari kwa nia ileile iliyonivusha mimi, kutafuta kitu cha kupeleka nyumbani au cha kuwaitia wa nyumbani waje. Walichimba maji ambayo hawakupita juu yake hata siku moja wakiwa wamekaa. Na hapo sikuona kwamba raha yangu inawatukana. Niliona kwamba mtu kama mimi, mtuma pesa, mpiga zamu, ndiye ambaye mahesabu ya dunia hayakumpangia kiti katika boti hiyo. Kukaa juu yake hakuwafufui. Lakini nikikataa kukaa kwa ajili yao, sijui nitakuwa nimewafanyia nini pia.

Februari siri ikafichuka, na haikufichuka kwa heshima. Mke wa Mzee aliweka picha mtandaoni: mimi nimesimama mbele ya boti, yenyewe imefunikwa turubai jeupe na theluji juu, mimi nacheka meno yote nje. Akaandika jina langu. Baada ya saa moja ndugu yangu akatuma ujumbe.

"Sista, kumbe ulinunua boti?"

Nikampigia. Nikamwambia si yangu. Akauliza ni ya nani, nikamwambia. Akauliza tunaenda nayo wapi. Nikasema Ottawa.

"Si wewe unaishi Ottawa?"

"Naishi Ottawa, eeh. Tunatoka Kingston."

"Na hapo Kingston hakuna basi?"

Ningecheka kama asingekuwa anauliza kwa dhati. Akataka kujua ni pesa ngapi. Ningeweza kudanganya, na uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, lakini nikataja. Akanyamaza akipiga hesabu. Nilimsikia anapumua.

"Laki moja," akasema. "Ya kuelea tu." Kisha, taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: "Kijana alikaa nyumbani siku nane, sista."

Tulikata simu bila kuagana vizuri.

Nilitarajia mama anipigie kesho yake. Hakupiga. Wiki nzima. Jumapili sikubandua ramani, maana ya nini tena, lakini simu ilipita mama akiongea habari za mahindi na mvua, hata hakuitazama. Kisha Jumatano, saa ambayo kwao ni jioni, akanipigia mwenyewe, bila video. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Mwanangu, hiyo safari yako ya maji nimesikia."

"Ndiyo, mama."

"Mimi pia nina kitu."

Kumbe wao, wanawake 14 wa kanisani, wana chama ambacho hakiko kwenye orodha ya vyama vyake ninavyovijua. Kila mwezi kila mmoja huweka shilingi 500. Wameweka tangu mwaka juzi. Agosti watapanda basi hadi Nairobi, walale kwa binti ya mmoja wao, asubuhi wapande treni ya Mombasa. Wakae siku tatu, warudi. Mama ana miaka 67. "Bahari nimeiona kwa kalenda tu," akasema. "Nataka nitie miguu."

Nikauliza hizo 500 anazitoa wapi, nikijua jibu. Kwenye pesa ya dawa. Dawa za presha anazipata kwa bei nafuu zahanati, na mimi humtumia bei ya duka la dawa mjini. Tofauti anaweka. Halafu akaongeza, polepole, kwamba kuna mwezi mmoja zahanati haikuwa na dawa, naye hakununua mjini. Alikata vidonge vilivyobaki nusu nusu, akaweka 500.

Nilikasirika. Nilikasirika kama mkaguzi wa hesabu za serikali. Nilisikia maneno yakinitoka: mama, mimi natuma pesa za dawa, si za matembezi, ungeanguka je? Ungepata kiharusi kwa sababu ya treni? Nikaendelea hivyo karibu dakika nzima nikiwa nimesimama katikati ya chumba, na mbele yangu, ukutani, ramani yote ya buluu.

Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakunijibu kuhusu boti. Angeweza. Alisema tu, "Ndiyo maana sikukwambia."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri kuhusu macho. Tunapotuma pesa tunatuma na macho pamoja nayo. Tunataka picha ya mabati yakiwa yamepigiliwa. Tunataka risiti ya karo. Kuna sababu, wengi wetu tumetapeliwa na watu wa damu yetu, nisijifanye sijui. Lakini katika kulinda kila shilingi tumefika mahali ambapo mtu wa nyumbani anaruhusiwa kuwa mgonjwa, mwanafunzi au maiti. Hizo tunalipia. Kuwa mama mwenye miaka 67 anayetaka kutia miguu baharini, hiyo haina mstari kwenye orodha. Na wao nao, upande wao, wananiruhusu niwe nimechoka, niwe na baridi, niwe na zamu mbili. Picha za theluji wanazipenda, wananihurumia. Picha ya kucheka mbele ya boti ndiyo iliyoleta kesi. Tumependana miaka tisa kwa njia ya shida tu, na kila mmoja amekuwa akificha furaha yake chini ya mto kama kitu cha wizi.

Singer asingekubali, nafikiri. Angesema vidonge nusu na siku nane ni gharama halisi zilizowaangukia watu halisi, mmojawapo mtoto ambaye hakuulizwa, na kwamba mama kujidhuru mwenyewe si sawa na mimi kumwacha kijana nyumbani. Na hapo angekuwa sahihi kabisa. Mama alikata vidonge vyake. Mimi sikukata vyangu. Hiyo tofauti siwezi kuiziba kwa treni ya Mombasa, hata kama ningetamani.

Ninachoweza kusema ni kwamba kosa langu sasa nalijua kwa jina lake. Halikuwa kupanga. Ningemwambia ndugu yangu Novemba kwamba nina jambo la Mei, limenigharimu kiasi hiki, karo ya Januari tafadhali ipange mapema kwa kuwa sitakuwa na akiba ya dharura, angenuna, tungegombana, na angekuwa na miezi miwili ya kujitafutia. Nilimnyima hiyo miezi. Nilitaka raha pamoja na sifa ya mtu asiye na raha, na aliyelipia hiyo sifa ni kijana wa kidato cha pili.

Nimempigia Mzee. Nimemwambia nitapanda Kingston siku ya pili baada ya kufunguliwa, twende Perth, twende hadi Ottawa, tuteremke yale malango manane yaliyopangana kama ngazi kando ya Bunge, na hapo nitashuka na begi langu niende nyumbani kwa miguu. Wao watarudi bila mimi. Siku 11 badala ya 21, sitapoteza ile wiki ya mshahara, na bahasha inapungua karibu nusu. Alisikitika lakini akaelewa, au alisema ameelewa. Mkewe ameuliza kama basi aufute ugali kwenye orodha ya njia ya kurudi.

Muhula wa pili huko nyumbani unafunguliwa wiki chache kabla ya mfereji. Nimetuma karo yote ya kijana pamoja na deni la chama, na riba yake. Ndugu yangu amejibu kwa neno moja, "Imefika." Hajaniita sista. Ninamwelewa. Kijana mwenyewe ameniandikia akitaka picha za malango, si kwa sababu amenisamehe, sidhani hata anajua kuna cha kusamehe, ila wanafundishwa fizikia na mwalimu amewauliza kwa nini maji hutafuta usawa.

Mama nimemtumia dawa za miezi sita, za mjini, zenye boksi. Na 500 za Machi nimemwambia sitaki kujua zimetoka wapi. Jumapili iliyopita alinitaka nisogeze simu karibu na ukuta ili aione hiyo ramani. Nikamwonyesha Kingston, Newboro, Big Rideau, nikamwonyesha alama ndogo za malango. Nikamweleza chumba cha mawe, maji yanavyoachiliwa kutoka juu, boti inavyoinuka nayo.

Akafikiri. "Na haigongi ukuta?"

Nikamwambia kuna kamba. Kila mtu anashika yake, moja mbele, moja nyuma, na unalegeza au unavuta kadiri maji yanavyopanda.

"Wewe utashika ya wapi?"

"Ya mbele."

"Uvae glovu," akasema mama. "Kamba ikilowa inakata mikono."

Sijui hilo alilijua wapi. Nimeliandika kwenye daftari.